Maswali ya Wasomaji: Tarehe Zilizogeuka Namba Katika Mafaili ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, chama chetu cha akiba na mikopo kilianza kutumia kompyuta mwaka 1995, kwa programu iliyotengenezwa na fundi ambaye sasa hapatikani. Tumenunua mfumo mpya, na kijana anayetusaidia amefaulu kutoa kumbukumbu za zamani kwenye mafaili yanayoishia na .DAT na kuziweka kwenye Excel. Majina na kiasi cha fedha vinasomeka vizuri, lakini safu za tarehe zina namba tupu kama 72031 na 74425, na kwingine sifuri. Tukiiambia Excel izionyeshe kama tarehe, mkopo tunaokumbuka kuwa ulitolewa Machi 1998 unasomeka 17 Machi 2097. Kijana anashauri tupunguze miaka 99 katika kila tarehe na kazi iishe. Je, ni sahihi?
Katibu wa SACCOS, Moshi

JIBU: Hapana, Ndugu Katibu, na ninaomba kazi hiyo isimamishwe kabla haijagusa rekodi hata moja. Ubaya wa kupunguza miaka 99 ni kwamba kunaleta tarehe zinazokaribiana mno na za kweli. Mkopo wenye namba 72031 utasomeka 17 Machi 1998 na hakuna atakayeshtuka, ilhali ninatarajia kwamba leja yenu inasema 16 Machi. Mkifika kwenye mikopo ya Juni 1996, kosa halitakuwa tena siku moja bali siku mbili, kwa kuwa idadi ya miaka mirefu inayopitiwa kati ya 1996 na 2095 si sawa na ile iliyo kati ya 1998 na 2097. Mtakuwa na mfumo mpya ambao riba ya baadhi ya wanachama imehesabiwa kwa siku zisizo zao, na mkaguzi wa hesabu atakapogundua hataweza kusahihisha yote kwa kanuni moja.

Chanzo cha jambo lenyewe ni hiki. Programu nyingi za zamani hazikuhifadhi tarehe kwa siku, mwezi na mwaka kama tunavyoziandika kwenye stakabadhi. Ziliteua siku moja kuwa sifuri, kisha kila tarehe ikaandikwa kama idadi ya siku zilizopita tangu hapo. Utaratibu huo uliokoa nafasi, na ulirahisisha hesabu ambazo chama kama chenu huzifanya kila siku: ukitaka kujua mkopo umekaa siku ngapi, unatoa namba moja kutoka kwenye nyingine. Tatizo ni kwamba kila kampuni iliteua siku yake ya sifuri, na ndani ya faili hakuna mahali palipoandikwa ni ipi.

Kwa hiyo msianzie kwenye kompyuta, anzieni kabatini. Tafuteni mkataba mmoja wa mkopo, au ukurasa mmoja wa leja, ambao mna hakika ndio uliozaa rekodi fulani: jina ni lile lile, kiasi ni kile kile, na tarehe imeandikwa kwa mkono na kugongwa mhuri. Tuseme rekodi ya 72031 kweli ni ya tarehe 16 Machi 1998. Andikeni tarehe hiyo kwenye kisanduku cha Excel, kisha badilisheni muundo wa kisanduku uwe wa namba ya kawaida, mtaona 35870. Toeni 35870 kutoka 72031, jibu ni 36161. Sasa chukueni karatasi ya pili iliyo mbali na ya kwanza kwa miaka kadhaa. Kama rekodi ya 74425 inakutana na karatasi ya 4 Oktoba 2004, Excel itaonyesha 38264, na tofauti itakuwa ile ile 36161. Tofauti ikilingana katika karatasi tatu au nne zilizotawanyika katika miaka mbalimbali, mmekwisha kuupata ufunguo: safu nzima mnaipunguzia 36161, kisha mnaipa muundo wa tarehe.

Kama tofauti hazilingani, msilazimishe. Huenda namba hizo si hesabu ya siku, bali ni mwaka, mwezi na siku vilivyobanwa pamoja ndani ya biti chache, yaani zile 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia kila kitu. Mfumo wa DOS, kwa mfano, ulitumia biti 16: saba za mwaka kuanzia 1980, nne za mwezi na tano za siku. Humo 16 Machi 1998 huandikwa 9328, 31 Machi huandikwa 9343, na kesho yake, 1 Aprili, ni 9345. Namba inaruka mbili wakati kalenda imesogea siku moja tu, na ruko hilo la mwisho wa mwezi ndilo linaloutambulisha muundo huo mara moja.

Lakini kwa namba mlizonitumia ninaweza kubashiri. Tofauti ya 36161 ni alama ya Clarion, chombo cha kutengenezea programu za biashara kilichotoka Marekani katika miaka ya 1980, ambacho huhesabu siku kuanzia 28 Desemba 1800. Ndiyo maana 1 Januari 1801 ndani yake ni siku ya 4. Kama tofauti ingekuwa sifuri, yaani Excel ingeonyesha tarehe sahihi bila kupunguza chochote, ningeshuku Access au programu iliyoandikwa kwa Delphi, ambazo zote huanzia 30 Desemba 1899. Tofauti ya 21548 ingetupeleka kwenye MUMPS, lugha iliyoenea sana katika mifumo ya hospitali za Marekani, ambayo sifuri yake ni 31 Desemba 1840. Kwa Paradox, programu ya hifadhidata inayohesabu tangu mwanzo wa mwaka wa kwanza, tofauti ni 693594. Na anayekuta namba zilizo pungufu kwa 21916 kuliko za Excel huenda ameshika mafaili ya watakwimu, kwa kuwa SAS huanzia 1 Januari 1960. Ninazitaja hizi kwa ajili ya wasomaji wengine, maana barua za namna hii ni nyingi. Hata hivyo, orodha kama hii haichukui nafasi ya karatasi yenye mhuri.

Baada ya kugeuza safu nzima, ipimeni kwa njia mbili ambazo hazihitaji karatasi. Ya kwanza ni siku za juma. Ofisi yenu, nadhani, haifunguliwi Jumapili. Tumieni kanuni ya WEEKDAY kuhesabu ni mikopo mingapi imeangukia kila siku ya juma. Jumapili iwe tupu au iwe na rekodi za kuhesabika kwa vidole. Mkiona Jumapili imejaa na siku nyingine moja imebaki tupu, mmekosea kwa siku kadhaa, na ile siku iliyo tupu ndiyo itakayowaambia ni ngapi. Ile 17 Machi 2097 iliyowashangaza ni Jumapili, wakati 16 Machi 1998 ilikuwa Jumatatu. Njia ya pili ni mwisho wa mwezi. Kama programu yenu ilikuwa ikiingiza riba siku ya mwisho ya mwezi, rekodi hizo zinapaswa kutua sawasawa kwenye tarehe 31, 30 na 28, na namba 72746 itue 29 Februari 2000. Hapo ndipo programu nyingi zilipoteleza, kwa sababu miaka ya mwisho wa karne huwa si mirefu, isipokuwa inayogawanyika kwa 400.

Excel yenyewe haina mikono safi katika jambo hili. Inaamini kwamba mwaka 1900 ulikuwa na tarehe 29 Februari, kosa ililolirithi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, kwa makusudi ili mafaili ya programu hizo mbili yaelewane. Kosa hilo haliwagusi, kwa kuwa linaathiri tarehe za kabla ya 1 Machi 1900 tu. Linaloweza kuwagusa ni lingine: kuna mafaili ya Excel, hasa yaliyozaliwa kwenye kompyuta za Macintosh, yanayohesabu kuanzia mwaka 1904, na humo kila namba huwa pungufu kwa 1462. Ufunguo wenu wa 36161 hautafaa ndani ya faili la namna hiyo, basi fanyeni kazi yote katika faili moja.

Kuhusu sifuri: si tarehe. Ni kisanduku ambacho karani hakukijaza, mara nyingi tarehe ya kumaliza mkopo ambao haujamalizwa. Mkiipunguzia 36161 mtapata namba hasi, na Excel itaonyesha msururu wa alama za reli (#). Iacheni tupu, wala msikubali mfumo mpya uweke 28 Desemba 1800 au tarehe ya leo badala yake. Na mkikuta safu nyingine yenye namba kubwa kama 3240001, hiyo huenda ni saa: Clarion huhesabu sehemu za mia za sekunde tangu saa sita ya usiku na kuongeza moja, kwa hiyo namba hiyo ni saa tatu kamili ya asubuhi. Mwisho, safu ya namba za asili isifutwe. Ihamisheni pamoja na tarehe mpya, hata kama mwenye kuwauzia mfumo atanung'unika kwamba ni mzigo.

SWALI: Shule yetu ilitumia programu ya Clipper hadi miaka michache baada ya 2005. Faili la wanafunzi lina kiambishi .DBF na linafunguka bila shida, ila kuna wanafunzi wanaosomeka kuwa wamezaliwa mwaka 1901 na 1903. Je, faili limeharibika? Pia tuna nakala tatu kwenye disketi na hatujui ipi ni ya mwisho.
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Faili ni zima, Mwalimu. Muundo wa DBF, uliotokana na dBASE, huandika tarehe kwa njia iliyo wazi kuliko zote nilizozitaja hapo juu: tarakimu nane za maandishi, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Mwanafunzi aliyezaliwa 9 Mei 2003 anapaswa kuandikwa 20030509. Kosa lilitokea kwenye kibodi. Skrini za programu nyingi za Clipper zilionyesha mwaka kwa tarakimu mbili, na kama fundi hakubadilisha mpangilio uitwao SET EPOCH, ambao kwa kawaida husimama kwenye 1900, karani aliyeandika 09/05/03 alikuwa akihifadhi 19030509 bila kujua. Faili limetunza kwa uaminifu kile lilichopewa.

Marekebisho yake ni kuongeza miaka 100, lakini masharti ya kuiongeza yawe ndani ya data yenyewe. Linganisheni tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuandikishwa: mtoto aliyeandikishwa 2009 akiwa na umri wa miaka 106 ni dhahiri alizaliwa 2003. Angalieni pia kama tarehe ya kuandikishwa nayo imeangukia 1909, kwa sababu hapo umri utaonekana kuwa miaka sita, sahihi kabisa, na kipimo cha umri peke yake kitaipitisha rekodi yenye makosa mawili. Katika shule kanuni ni nyepesi, kwa kuwa hakuna mwanafunzi wa mwaka 1903. Wenye rejista za ubatizo, za ndoa au za wastaafu wasiige kanuni hiyo kijuujuu, maana huko mtu wa 1903 anaweza kuwa wa kweli kabisa.

Ama kuhusu disketi, usitegemee tarehe inayoonyeshwa na kompyuta kando ya jina la faili, kwani inaweza kubadilika faili likihamishwa. Tengeneza kwanza nakala, kisha ifungue nakala hiyo, si disketi, kwa programu inayoonyesha baiti kwa heksadesimali, yaani namba zinazohesabiwa kwa kumi na sita, ambamo A hadi F ni 10 hadi 15. Baiti ya kwanza ya DBF ya kawaida ni 03. Tatu zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku ambayo faili liliandikwa mara ya mwisho. Ukiona 03 6B 02 0E, basi 6B ni 107, nayo ikiongezwa kwenye 1900 ni 2007. 02 ni Februari. 0E ni 14. Zipo programu zilizoandika tarakimu mbili za mwisho tu, kwa hiyo siku hiyo hiyo unaweza kuikuta ikiwa 03 07 02 0E. Ukikuta 50 mahali pa mwaka, yaani 80, usidhani shule ilikuwa na kompyuta mwaka 1980: betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa, na kila ilipowashwa mashine ilirudi Januari 1980.

Kwa nakala ya namna hiyo, soma baiti nne zinazofuata, ambazo ni idadi ya rekodi, baiti ndogo ikitangulia. F4 01 00 00 ni rekodi 500. Faili la wanafunzi kwa kawaida huongezeka tu, kwa hiyo lenye rekodi nyingi zaidi ndilo la karibuni, isipokuwa kama kuna aliyelipunguza kwa kufuta waliohitimu.

SWALI: Nimepokea orodha ya chanjo iliyotolewa kwenye mfumo wa zamani kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Nimeifungua kwa Excel, na baadhi ya tarehe zimekaa upande wa kulia wa kisanduku, nyingine upande wa kushoto. Je, hilo lina maana yoyote?
Mhudumu wa afya, Unguja

JIBU: Lina maana kubwa, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuituma mbele. Kompyuta yako imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, wakati orodha yako inatanguliza siku kama tunavyofanya huku. Excel ilipokutana na 25/03/1999 haikuona mwezi wa 25, ikaiacha kama maandishi, na maandishi hukaa kushoto. Ilipokutana na 03/04/1999 iliona inasomeka, ikaigeuza kuwa 4 Machi badala ya 3 Aprili, na kuiweka kulia. Kwa hiyo zile zinazoonekana kuwa zimepona ndizo zilizoharibika. Kuthibitisha ni rahisi: miongoni mwa zilizokaa kulia hutaona hata moja yenye siku inayozidi 12.

Lifunge bila kuhifadhi, kisha lete data kupitia menyu ya kuingiza maandishi, na utakapoulizwa muundo wa safu ya tarehe uchague siku, mwezi, mwaka. Kama faili la asili limekwisha kufutwa, bado inawezekana kurudi: za kulia zibadilishane siku na mwezi, za kushoto zigeuzwe kwa kuzikata vipande. Hilo linafaa tu ikiwa orodha nzima ilitanguliza siku. Kama makarani wawili waliandika kwa desturi mbili tofauti ndani ya safu moja, kadi za kliniki ndizo zitakazoamua, kadi moja baada ya nyingine.

SWALI: Ninaandika programu ya kusoma mafaili ya Visual FoxPro. Uga wa aina ya T (tarehe na saa) una baiti nane zisizosomeka, kwa mfano C9 65 25 00 80 62 EE 01. Nizigawe vipi?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Zigawe nne kwa nne, kila fungu ukilisoma kuanzia mwisho. Fungu la kwanza, 002565C9, ni 2450889, na hiyo ni hesabu ya siku ya wanafalaki inayoanzia 1 Januari 4713 Kabla ya Kristo. Toa 2440588, ambayo ni 1 Januari 1970, utabaki na siku 10301, nazo zinakufikisha 16 Machi 1998. Fungu la pili, 01EE6280, ni milisekunde 32400000 tangu saa sita ya usiku, yaani saa tatu kamili ya asubuhi.

Kuwa mwangalifu na hatua inayofuata. Uga huu hauna habari yoyote ya majira. Saa tatu hiyo ni ya ukutani, pale ofisini. Maktaba nyingi za kisasa huichukulia kuwa ni saa ya Greenwich na kuiongezea saa tatu inapoonyeshwa Afrika Mashariki, au huichukulia kuwa ya hapa na kuipunguzia saa tatu inapohifadhiwa. Kwa rekodi zisizo na saa, ambazo zote husimama saa sita ya usiku, upunguzaji huo huirudisha 16 Machi hadi saa tatu ya usiku wa 15 Machi, na mfumo unaosoma tarehe peke yake utaandika siku iliyotangulia. Ihifadhi katika aina ya uga isiyo na ukanda wa saa, na uga ambao siku zote una milisekunde sifuri ugeuze kuwa tarehe tupu tangu mwanzo.